Je, wajua? Mashetani wa hadithi walihamia kwenye hadibodi

Je, wajua kuwa uchoraji wa Tingatinga ulianza Dar es Salaam, upande wa Kinondoni, kwa rangi za dukani? Mwaka 1968, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alichukua vipande vya hadibodi akachora wanyama kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile ile ya kupaka baiskeli. Picha ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay.

Fundi wa Tingatinga husubiri: mandhari ya nyuma sharti ikauke kwanza, ndipo mnyama achorwe juu yake.

Tingatinga alifariki mwaka 1972, kwa kupigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Hasara kubwa mno! Lakini wanafunzi wake, wakiwemo January Linda na Simon Mpata, waliendelea.

Mashetani wa ngano nao walipata bingwa wao kwa George Lilanga, Mmakonde aliyefanya kazi katika kituo cha wasanii cha Nyumba ya Sanaa. Mashetani aliowachora wana masikio makubwa na matumbo yaliyotuna; wanacheza ngoma, wanapiga soga, wanagombana kama majirani. Alifariki mwaka 2005, jina lake likiwa limefika Ulaya, Marekani na Japani.

Wachoraji wa Tingatinga bado wapo Oysterbay. Ukipita, muulize mchoraji hadithi ya picha kabla hujauliza bei.