Kemo Kabla ya Kisu au Baada? (Sehemu ya Pili)

Kuanzia Buhongwa ukifuata barabara ya Shinyanga hadi kwenye majaruba na malambo ya Misungwi, mkojo wa damu una jina tayari: kichocho. (Ziwani kwenyewe kinachotawala ni kile cha tumbo.) Mara nyingi ni kweli, na prazikwanteli inamaliza kazi. Lakini damu ikimrudia mtu mzima baada ya dawa, naye akakojoa kipande cha damu iliyoganda, chembamba kama uzi, asidhani ametoa mnyoo. Minyoo ya kichocho hukaa kwenye mishipa ya damu. Yanayotoka na mkojo ni mayai. Uzi ule hupata umbo lake ndani ya ureta, mrija unaoshusha mkojo toka figo hadi kibofu, na huko juu huenda kuna uvimbe wa saratani.

Wiki iliyopita tulieleza upasuaji wa uvimbe huo: figo ya upande huo huondolewa pamoja na ureta yote. Je, kemo, yaani tiba ya dawa za saratani, iingie wapi?

Mwaka 2020 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza uitwao POUT, wenye wagonjwa 261. Kwa waliopewa kemo ndani ya siku 90 baada ya upasuaji, asilimia 71 walikadiriwa kufikisha miaka mitatu bila ugonjwa kurudi. Kwa waliofuatiliwa tu, 46. Si tofauti ya kupuuzwa.

Tatizo ni sisplatini, mhimili wa kemo hiyo: huumiza figo. Ndiyo maana mgonjwa hutundikiwa dripu nyingi za maji, na muuguzi hupima mkojo wake. Aliyekwisha kutolewa figo moja hana akiba. Wengine hulazimika kupewa kaboplatini, ambayo wataalamu wengi huiona dhaifu zaidi. Kwa hiyo wapo wanaotanguliza kemo, figo zote mbili zikiwapo. Mimi naegemea huko, ingawa ushahidi wake haujafikia uzito wa POUT, na kinyama kinachochukuliwa kwenye ureta ni kidogo mno kuonyesha saratani imezama kiasi gani.

Kanda ya Ziwa ina maswali yake. Saratani ya kibofu inayoletwa na kichocho mara nyingi ni ya seli bapa, isiyoitikia vizuri kemo hii. Kwa hiyo mgonjwa wa hospitali ya Bugando asubiri kwanza jibu la patholojia, ijulikane saratani yake ni ya aina gani. Tena kichocho cha miaka mingi huziba ureta na kujaza figo mkojo, pengine pande zote mbili. Kabla ya kuamua lolote, ultrasaundi na kreatinini vionyeshe hali ya figo itakayobaki.