Pikapu inayochemsha foleni haina ugonjwa wa ile inayochemsha mlimani

PIKAPU iliyosheheni nyanya inaweza kupanda mlima mzima bila tatizo, ikafika kwenye foleni ya mpakani na kuanza kuchemsha. Nyingine hukaa kwenye foleni hiyohiyo saa tatu injini ikinguruma na mshale wa joto hautikisiki, kisha ikachemsha kilomita chache tu baada ya kuanza mlima. Kando ya barabara magari haya mawili hupewa dawa moja: dumu la maji, safari iendelee. Likirudia, fundi wa njiani hung'oa thamostati na kuitupa.

Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Kwa mfanyabiashara mwenye mzigo wa nyanya, ndizi au samaki wabichi, kuyachanganya kunaweza kumpotezea mzigo leo na injini wiki ijayo.

Magari yenyewe yanajulikana kuanzia Tunduma hadi Gatumba: Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990 zenye injini za dizeli za 2L na 3L, na Land Cruiser pikapu zenye injini ya 1HZ ya lita 4.2. Hufika palipoishia lami na fundi yeyote anazijua. Lakini umri umekwenda, na rejeta nyingine ni kongwe kuliko utingo anayezijaza maji.

Joto la foleni

Gari likisimama hakuna upepo wa mwendo unaopita kwenye rejeta. Kazi yote inabaki kwa feni. Kwa hiyo mshale ukipanda gari likiwa limesimama, kisha ukashuka gari likianza kutembea, upungufu ni wa hewa. Kuongeza maji hakutasaidia, kwa sababu maji yapo na yanazunguka.

Cha kwanza kutazamwa ni mkanda wa feni: umelegea, umepasuka, unateleza? Cha pili ni klachi ya feni, ile duara iliyo katikati ya feni, ambayo ndani yake kuna mafuta mazito ya silikoni. Joto likipanda, klachi hukamata na feni huzunguka kwa nguvu. Mafuta hayo yakivuja, feni hubaki ikizunguka kwa uvivu na macho hayaoni tofauti. Kipimo chake ni rahisi: injini ikiwa ya moto lakini imezimwa, feni izungushwe kwa mkono. Ikikaza kidogo na kusimama upesi, ni nzima. Ikizunguka mizunguko kadhaa kama pangaboi, imekufa. Mkono usipelekwe kwenye feni injini ikiwa imewashwa, hata kama feni inaonekana imelegea.

Kisha kuna uchafu. Pikapu ya porini hukusanya tope, mbegu za majani na wadudu katikati ya mapezi ya rejeta, na tope likikauka huwa kama udongo wa chungu. Maji ya kuoshea yapigwe kutoka upande wa injini kwenda nje, yasiwe ya nguvu sana, maana mapezi yakilala hewa haipiti tena. Ile kava inayozunguka feni nayo ina kazi. Mafundi wengine huitoa ili wafanye kazi kwa nafasi, kisha hawairudishi. Bila kava, feni huvuta hewa kutoka pembeni badala ya kuipitisha kwenye rejeta. Na taa kubwa za ziada zilizofungwa mbele ya rejeta kwa ajili ya urembo zinaziba hewa hiyohiyo.

Joto la mlimani

Gari lililo salama kwenye foleni na kwenye tambarare, lakini linachemsha likipanda na mzigo, lina kesi nyingine. Hapa injini inatoa joto jingi kuliko maji yanavyoweza kulipeleka nje. Barabara ya kutoka Bujumbura hadi Bugarama inalionyesha jambo hili vizuri. Inaanza karibu na Ziwa Tanganyika, mita 780 hivi juu ya usawa wa bahari, na ndani ya kilomita 35 hivi inafika zaidi ya mita 2,000. Injini haipati pa kupumzika. Madereva wa Mlima Kitonga mkoani Iringa na wa Mai Mahiu nchini Kenya wana hadithi zao zinazofanana.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakifikirii: mlimani maji huchemka mapema. Pwani huchemka kwenye nyuzi 100, lakini kwenye mita 2,000 huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Kinachoiokoa injini ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko kilichoandikwa 0.9 hufungia presha ndani na kupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20 hivi. Raba yake ikikatika au springi ikichoka, nyuzi hizo 20 zimepotea. Ni kipuri cha bei ndogo, na ndicho kinachostahili kubadilishwa kabla ya kufungua kitu kingine chochote. Kiwe cha namba ileile. Cha namba kubwa zaidi hupasua mipira na viungo vya rejeta iliyozeeka.

Kifuniko kikiwa kizima, macho yaende kwenye rejeta yenyewe. Maji ya mtoni, ya kisima na ya ziwani huacha magadi na kutu ndani ya vijibomba vyake, na gari lililonyweshwa maji hayo miaka kumi huwa limezibika nusu. Injini ikishapata moto na kuzimwa, mkono upitishwe kwa uangalifu usoni mwa rejeta. Sehemu iliyo baridi katikati ya sehemu zenye moto ni mahali ambapo maji hayapiti. Mpira wa chini wa rejeta nao utazamwe injini ikivutwa moto: ukinywea na kulala bapa, maji yanazuiwa.

Thamostati inayogoma kufunguka huchemsha gari pia, na ndiyo iliyozaa mazoea ya kuitupa. Lakini katika injini nyingi za aina hii thamostati ina kazi mbili: inafungua njia ya kwenda rejeta, na wakati huohuo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ikiondolewa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta kabisa. Dereva huona mshale umeshuka asubuhi kwenye tambarare, akasifu fundi, kisha mlima ukamuumbua. Thamostati hupimwa kwa kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni: maji yakikaribia kuchemka lazima ionekane ikifunguka. Isipofunguka, inunuliwe nyingine.

Si kila joto la mlimani linatoka kwenye maji. Breki zinazobana huifanya injini ivute mzigo usioonekana. Baada ya kilomita kadhaa za mwendo, gurudumu moja likiwa na moto kuliko mengine, jibu limepatikana. Pampu ya dizeli iliyofunguliwa kupita kiasi ili gari "livute" nayo huongeza joto, na moshi mweusi nyuma ndio shahidi. Na kuna magunia. Pikapu ya tani moja iliyobebeshwa tani mbili itachemsha hata ikiwa na rejeta mpya.

Ugonjwa unaoogopwa

Kuna gari linalokunywa maji kila siku na chini hakuna tone. Hapo gasketi ya silinda hedi inashukiwa, au hedi yenyewe imepasuka. Injini ya 2L-T, ile ya lita 2.4 yenye tabo, ina sifa mbaya kwa hilo, na kuchemsha mara moja tu kunaweza kutosha.

Kipimo kinafanyika asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Kifuniko kinafunguliwa, rejeta inajazwa, injini inawashwa. Mapovu machache mwanzoni ni hewa inayotoka. Mapovu yasiyokoma ni moshi wa silinda unaoingia kwenye maji. Dalili nyingine ni mpira wa juu kuwa mgumu kama jiwe dakika moja baada ya kuwasha, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto. Gari la namna hiyo halipakiwi mzigo. Hedi ishushwe, ipimwe kama imepinda au imepasuka, kisha ndipo gasketi mpya ifungwe. Anayefunga gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda atairudia kazi hiyo.

Mshale unapopanda njiani

Dereva apunguze mwendo, ashushe gia, azime kiyoyozi, na afungue hita hadi mwisho. Ndani kutakuwa na joto la kutesa, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Mshale ukigusa nyekundu au mvuke ukitoka, asimame na kuzima.

Mshale ulioshuka ghafla baada ya kupanda sana usimfurahishe mtu. Maji yakiisha, kipima joto hubaki kikipima hewa, na mshale hurudi chini huku injini ikiungua.

Kifuniko kisiguswe. Maji yaliyo ndani yamepita nyuzi 100 na yamezuiwa na presha tu. Kifuniko kikifunguliwa yanageuka mvuke papo hapo, usoni mwa anayefungua. Kusubiri ni nusu saa au zaidi, hadi mpira wa juu ubonyezeke kwa vidole bila kuunguza. Maji yaongezwe kidogo kidogo injini ikiwa imepoa, maana maji baridi kwenye chuma cha moto ndiyo yanayopasua hedi nyingi zilizoponea chupuchupu mlimani.

Kwa anayekodi gari

Wafanyabiashara wengi wa mpakani hawana pikapu zao. Wanakodi, na mzigo ukioza mwenye gari huwa na maneno mengi. Anayekodi afike mapema kabla injini haijawashwa na aombe kifuniko kifunguliwe mbele yake. Maji ya kijani au mekundu yanaonyesha kulanti na mwenye gari anayejali. Maji ya rangi ya kutu ni uzembe wa muda mrefu. Utando wa oili juu ya maji ni sababu ya kutafuta gari jingine. Dereva anayebeba dumu moja la maji ni mwangalifu, lakini mwenye madumu manne anajua jambo ambalo hajalisema.

Na kabla gunia la kwanza halijapanda, pande zote mbili zikubaliane, ikiwezekana kwa maandishi, nani atalipa gari la kuhamishia mzigo iwapo hili litakwama kabla ya mpaka.