Mshika kibendera akinyamaza
Aprili 5, 2024, mjini Pretoria, shuti la Stephane Aziz Ki wa Yanga ya Tanzania liligonga mwamba, mpira ukadunda karibu kabisa na mstari wa goli la Mamelodi Sundowns kisha ukarudi uwanjani. Waamuzi wa video (VAR) wakaangalia, goli likakataliwa, na Yanga wakatolewa kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika kwa penalti. Ubishi wa vijiweni ulihusu mpira. Mimi nataka kuzungumzia waamuzi: katika sekunde zile, nani humwambia nani nini?

Sheria ya 10 ya soka inataka mpira mzima uvuke mstari mzima. Mpira una upana wa sentimita 22 hivi, na mwamuzi wa kati huwa mbali, akitazama kwa pembe. Mwenye nafasi ya kuona ni mshika kibendera, ilimradi amekimbia na mpira hadi usawa wa mstari wa goli.

Goli likiwa wazi, hainui kibendera. Hutazamana macho na mwamuzi, kisha hukimbia pembeni kuelekea katikati ya uwanja. Mpira ukiingia na kutoka, mambo hubadilika, kwa sababu mchezo bado unaendelea na mwamuzi huenda ameshageuka. Hapo huinua kibendera kwanza ili atazamwe, ndipo athibitishe goli. Vibendera vingine vina kitufe kwenye mpini. Kikibonyezwa, mwamuzi huhisi mtetemo mkononi. Kwenye redio za masikioni hutakiwa neno moja au mawili, yaliyokubaliwa tangu vyumba vya kubadilishia nguo, maana wakizungumza wawili kwa pamoja hakuna anayesikika.

Katika fainali ya Kombe la Dunia ya 1966 hapakuwa na redio. Mwamuzi Gottfried Dienst wa Uswisi alimfuata msaidizi wake Tofiq Bahramov wa Umoja wa Kisovieti kumuuliza kama shuti la Geoff Hurst wa England lilivuka mstari. Hawakuwa na lugha ya kuelewana vizuri. Bahramov akatikisa kichwa kukubali, goli likahesabiwa.

Siku hizi kwenye baadhi ya ligi kubwa kuna mtambo wa kamera za mstari wa goli: mpira ukivuka, saa ya mwamuzi humjulisha ndani ya sekunde moja. Lakini Juni 17, 2020, Sheffield United walipocheza na Aston Villa, kipa wa Villa, Ørjan Nyland, aliudaka mpira akavuka nao mstari, na saa ya mwamuzi Michael Oliver haikusema kitu. Kamera zilikuwa zimezibwa na wachezaji na nguzo. Kimya cha mtambo kikachukuliwa kuwa jibu la hapana, na VAR haikuingilia.

Hilo ndilo linaloniumiza, kwa sababu kimya kinaweza kumaanisha "si goli" au "sikuona", na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Msaidizi aliyezibwa na beki anapaswa kulitamka wazi: "Sijaona." Bado mwamuzi hatatoa goli bila uhakika, lakini atajua kwamba hakuna aliyeona, na mwamuzi wa VAR atajua kwamba kazi sasa ni yake.