Gari la Viti Saba: Tusiende Kununua Peke Yetu



Sheria ya NSSF ya hapa Uganda ilirekebishwa mwaka 2022. Mwanachama aliyefikia umri wa miaka 45, na aliyechangia kwa miaka 10, anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Wafanyakazi wengi walifurahi, nasi tulifurahi pamoja nao. Hapa Busoga, katika mashamba ya miwa na viwanda vya sukari, wenzetu wametumia fedha hizo kwa bati, kwa karo, kwa ng'ombe na kwa pikipiki. Wachache wamenunua gari. Leo twataka kusema juu ya gari, maana ndilo lililotuuma.

Mwenzetu mmoja, mwendesha mtambo kiwandani, alikuwa na miaka 51. Nyumbani kwake wako saba: yeye, mkewe, watoto wanne na mama yake mzazi. Akasema, "Watu saba, viti saba." Akachukua fedha zake za NSSF, akaongeza mkopo wa chama cha akiba na mikopo, na watatu kati yetu tukatia sahihi kuwa wadhamini. Akaenda Kampala na dalali. Jioni akarudi na gari la juu, refu, jeusi, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Sote tulilizunguka tukipiga makofi.

Juma la tatu gari likaanza kushtuka likipanda mlima. Juma la tano likagoma. Fundi alipochomoa mafuta ya giaboksi yalikuwa meusi, yananuka kuungua. Bei ya giaboksi nyingine hakuwa nayo, na dalali hakupokea tena simu. Mkopo haukungoja. Kwa miezi 14 makato yalitoka katika mishahara ya watu wanne kwa ajili ya gari lisilotembea. Watoto wa mmoja wetu walirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Basi tusidhani kuwa gari la mwenzetu ni shauri lake peke yake. Tukishatia sahihi ni shauri letu.

Ndipo halmashauri ya tawi ilipokaa na kujifunza. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, viti saba si watu wazima saba. Magari mengi tunayouziwa yametoka Japani. Huko, wakiandika uzito wa gari likiwa limejaa, humhesabia kila abiria kilo 55. Gari la watu saba huhesabiwa kilo 385 za watu, basi. Lakini watu wazima saba wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 490. Ziada ni kilo 105, yaani zaidi ya gunia la mahindi, na bado hatujapakia ndizi wala mizigo ya msiba. Hatusemi gari litavunjika siku hiyo. Twasema springi, breki na giaboksi vitafanya kazi kubwa kuliko ile iliyopigiwa hesabu, kila siku, katika barabara zetu za mashimo.

Tena, kiti cha nyuma kabisa katika mengi ya magari haya ni cha mtoto. Mtu mzima hukaa magoti yakimgusa kidevu. Na kiti hicho kikifunguliwa, nafasi ya mizigo hubaki ya mkoba mmoja au miwili. Mtu apime kwa kukaa mwenyewe huko nyuma. Asipime kwa macho. Avute na mikanda yote saba aone kama inafunga, maana ile ya nyuma mara nyingi imepotelea chini ya kiti.

Pili, tujue gari ni la namna gani. Toyota Prado imejengwa juu ya chesisi, kama lori dogo. Huvumilia barabara mbovu, lakini ni nzito, hula mafuta mengi na bei yake ni kubwa. Nissan X-Trail, Mitsubishi Outlander na Toyota Vanguard hazina chesisi ya peke yake, bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Ni nyepesi zaidi na hutumia mafuta kidogo, ila si kila moja ina viti saba, na nyingi zina giaboksi ya mkanda wa chuma iitwayo CVT. Giaboksi hiyo si mbaya, lakini yataka mafuta yake yenyewe, si ya kubahatisha, na haipendi joto la kubeba mzigo mzito mlimani. Vanguard iliacha kutengenezwa mwaka 2013, kwa hiyo hakuna iliyo changa, hata muuzaji akisema nini.

Tupige na hesabu ya mafuta. Kutoka Jinja hadi Kampala ni kama kilometa 80, kwenda na kurudi 160. Gari liendalo kilometa 8 kwa lita litakula lita 20. Liendalo kilometa 12 litakula lita 13 na kidogo. Tofauti hiyo hulipwa kila safari, miaka yote.

Tatu, tusome karatasi kabla ya kutazama rangi. Tangu mwaka 2018 sheria hairuhusu kuingiza Uganda gari lililopita miaka 15 tangu kutengenezwa. Wenzetu wa Kenya wana kikomo cha miaka 8. Tuulize mwaka wa kutengenezwa, si mwaka wa kufika. Tuombe hati ya Japani ya kusafirisha gari: humo mna namba ya chesisi, idadi ya abiria, uzito, na kilometa zilizosomwa gari lilipokaguliwa. Kama hati yasema 140,000 na saa ya gari yasema 68,000, tuage na kuondoka. Kama hati haipo, tutazame pedeli ya breki na usukani. Gari la kilometa chache halina pedeli iliyolika hadi chuma.

Gari lililokwisha kusajiliwa hapa laweza kuwa rehani ya mkopo wa mtu mwingine. Sheria ya mwaka 2019 iliweka daftari la rehani za mali inayohamishika, linalotunzwa na URSB. Tutafute humo kwanza. Na jina katika logibuku liwe la yule anayepokea fedha. "Ni la shemeji yangu" si jibu.

Nne, twende asubuhi, injini ikiwa baridi. Tuguse boneti, ikiwa ya moto, wameipasha ili kuficha kitu. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokoma waweza kuwa maji yanayoingia ndani ya injini. Tufungue rejeta ingali baridi. Tukiona utando wa oili juu ya maji, twende zetu. Tusome tairi: tarakimu nne za mwisho wa namba ya DOT ni wiki na mwaka, hivi kwamba 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu hupasuka hata kama ina meno.

Tano, na hili ndilo kubwa, tulijaribu gari likiwa limejaa. Hili tulilifanya wenyewe. Mwaka uliofuata mama mmoja, karani wa mizani, alitujia kabla hajatoa hata shilingi. Tukaenda naye watu saba, pamoja na fundi, na pamoja na yule ndugu wa gari jeusi, aliyeomba mwenyewe kuja. Katika yadi ya kwanza tulisema twataka kupanda sote na kukwea mlima. Muuzaji akakasirika: "Wazee, mwataka kunivunjia gari?" Mmoja wetu akamjibu, "Ndugu, kama litavunjwa na watu saba, mbona umeandika viti saba?" Tukaondoka.

Yadi ya pili walikubali. Tulipofika nusu ya mlima gari likashtuka kidogo, jambo ambalo sisi wengine hatukulisikia. Lakini yule ndugu aliyekaa nyuma akasema polepole, "Hilo. Langu lilianza hivyo hivyo." Fundi akatikisa kichwa kukubali. Hasara ya mtu mmoja ikamwokoa mwingine.

Gari ambalo mama yule alilinunua katika yadi ya nne lina viti vya kitambaa na mkwaruzo mlangoni. Halikuvutia mtu. Lilipanda mlima na sisi saba bila kunung'unika, karatasi zake zilikuwa kamili, na bei ilimwachia fedha za tairi, oili na bima. Kiti cha nyuma ni cha wajukuu wawili tu, naye alilijua hilo tangu mwanzo.

Gari jeusi liliuzwa kwa mafundi, kwa bei ya vyuma. Mkopo wake tumeumaliza. Urafiki haukuvunjika, lakini si kila tawi litakuwa na bahati hiyo.

Kwa hiyo halmashauri imeamua: hakuna mjumbe atakayetia sahihi ya udhamini wa gari kabla fundi tuliyemchagua sisi hajalikagua na kuandika aliyoyaona, na kabla watu saba hawajapanda. Twawaomba matawi mengine mfanye vivyo hivyo. Fedha ya NSSF imetoka katika jasho la miaka mingi. Muuzaji ana dalali wake, ana fundi wake, ana maneno yake. Mfanyakazi naye asiende peke yake.

Umoja ni nguvu.