Vipaza Sauti vya Sinema ya Nyumbani: Mahali Kwanza, Bei Baadaye

Mnunuzi wa vipaza sauti vya sinema ya nyumbani aghalabu hutazama ukubwa na bei. Sikio, hata hivyo, hupima wakati.

Sauti husafiri hewani karibu meta 340 kwa sekunde. Kwa hiyo kipaza sauti kilicho karibu zaidi na msikilizaji kwa meta 3.4 hutangulia vingine kwa sekunde 0.01. Mwaka 1951 mtaalamu wa Ujerumani, Helmut Haas, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba sauti mbili zilizo sawa zikipishana kwa muda mfupi namna hiyo, husikika kama moja, itokayo kule ilikotoka ya kwanza. Ndiyo sababu aketiye ubavuni mwa kipaza sauti kimoja hunyeshewa na mvua ya filamu upande mmoja tu, hata kama alilipa fedha nyingi.

Dawa yake ni jiometri. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu (ITU) hupendekeza duara moja, msikilizaji akiwa katikati: kipaza sauti kimoja mbele yake, viwili kwenye nyuzi 30 kulia na kushoto, na viwili vya kando kwenye nyuzi 100 hadi 120, yaani nyuma kidogo ya masikio. Heri vitano vidogo vya aina moja kuliko vikubwa visivyolingana mlio. Uzi, chaki na kipimapembe vyatosha kuianza kazi hiyo; na mwanafunzi anavyo tayari.