Kiingilio cha Ngazi: Hesabu na Staha Mlangoni pa Densi

Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii hutajwa sana katika michango ya arusi na matanga, lakini ni nadra kuhusishwa na mlango wa ukumbi wa densi. Makala haya yanafafanua kiingilio cha ngazi, yaani kiingilio chenye viwango kadhaa ambapo kila mtu hujichagulia anachokimudu, kwa kurejelea densi ya kontra nchini Marekani.

Kontra ni densi ya kijamii iliyokita mizizi katika majimbo ya New England. Miongoni mwa asili zake ni densi za mashambani za Uingereza, ambazo John Playford alizichapishia kitabu mjini London mwaka 1651. Wachezaji hujipanga katika safu ndefu zinazoelekeana, kiongozi hutangaza hatua, nao wapiga fidla hutumbuiza papo hapo. Kila jozi husonga kufuata safu ikikutana na jozi nyingine. Kwa hivyo, watu wakiwa wachache densi yenyewe hudhoofika. Mchezaji si mtazamaji aliyenunua kiti. Yeye ni sehemu ya kile ambacho wenzake wamekifuata ukumbini.

Hapo ndipo mantiki ya ngazi inapojitokeza. Chukulia kwamba ukumbi, wanamuziki na kiongozi hugharimu dola 1,000 kwa usiku mmoja. Iwapo kiingilio ni dola 15 kwa wote, na watu 20 kati ya 70 hawakimudu, wataingia 50 na mapato yatakuwa dola 750. Waandaaji watapata hasara na safu zitapungua. Kinyume chake, ikiwa wale 20 watalipa dola 8, wengine 30 walipe 15, na 20 wenye uwezo walipe 22, mapato yatakuwa dola 1,050. Gharama zitalipika na hakuna atakayebaki nje.

Hata hivyo, hesabu hiyo imesimama juu ya jambo lisilohesabika, nalo ni staha. Mpokea pesa akidai ushahidi wa umaskini, mlango hugeuka kuwa mahakama, na mhitaji atachagua kubaki nyumbani. Ndiyo maana waandaaji wengi hubandika viwango vyote mlangoni, wakatangaza kwamba hakuna atakayerudishwa kwa kukosa pesa, kisha wakapokea kinachotolewa bila kuhoji. Katika taarabu ya pwani ya Afrika Mashariki, anayemtuza mwimbaji hujitokeza mbele ya hadhira, noti mkononi, akionekana na wote. Desturi zote mbili humtegemea mwenye nacho atoe zaidi. Lakini taarabu humvuta kwa sifa, ilhali ngazi humwachia dhamiri yake na kumsitiri asiye nacho.

Udhaifu wa ngazi nao ni bayana. Wote 70 wakichagua dola 8, mapato yatakuwa dola 560 tu, na densi itakufa. Mficha uchi hazai: waandaaji sharti waeleze wazi gharama za usiku huo, ili mwenye uwezo ajue kinachobebwa na dola zake za ziada.

Kwa kuhitimisha, kiingilio cha ngazi si sadaka wala punguzo la bei. Ni mapatano kwamba kila mmoja achangie kwa kadiri ya uwezo wake, na wote waingie safuni wakiwa sawa.