"Sawa" ya Mama na "Sawa" ya Mashine

Leo hesabuni mzazi anasema "sawa" mara ngapi kwenye simu moja. Kuna sawa ya nakusikia, sawa ya endelea, sawa ya nimekubali, na sawa ya kwaheri. Sisi tuliokulia Tonawanda, Louisville au Columbus tukiwatafsiria wazazi, zote tunazijua. Programu haizijui. Na sasa kuna programu mawakala: zinaongea zenyewe kwa zenyewe na kupanga miadi kwa niaba ya mtu.

Zitaelewana vipi? Wataalamu walianza na wazo la mwanafalsafa J. L. Austin, ambaye kitabu chake cha mwaka 1962 kilieleza kwamba kusema ni kutenda. Ukisema "naahidi", umeshafanya kitu. Mwaka 1996 ikaundwa FIPA, huko Uswisi, na lugha yake ya mawakala ina vitendo 22: kuomba, kuarifu, kukubali, kukataa, hata kusema "sijaelewa". Kila ujumbe lazima utaje kitendo chake. Hapo "sawa" tupu haipiti.

Kabla ya kuandika programu, mazungumzo huchorwa. Mimi nilimchorea mama kwenye karatasi. Mistari miwili imesimama: kushoto wakala wake, kulia wakala wa kliniki. Mshale wa kwanza: OMBA miadi Jumanne. Chini yake njia zinagawanyika: KUBALI, KATAA, SIJAELEWA. Muda unashuka kutoka juu kwenda chini, basi.

Mama hajawahi kuandika programu, lakini aliangalia mishale akauliza: "Na huyu akinyamaza?"

Swali zuri kweli! Kwenye lugha ya FIPA ujumbe unaweza kubeba saa ya mwisho ya kujibiwa, ili mtu asingoje jibu milele. Mama aliona pengo hilo kwa sababu lilikuwa kwenye picha. Ningempa kurasa za programu, angenyamaza tu.

Ndiyo maana nasema: kabla hujaruhusu wakala amsemee mzazi wako hospitalini au kwa mwenye nyumba, omba mchoro, mkae nao mezani. Tafuteni mshale wa kukataa. Tafuteni wa "sijaelewa". Kama haipo, mzazi atakubalishwa mambo ambayo hajayakubali.